Kangomba: Korosho Inayouzwa Kabla Haijaanguka

Kila ifikapo Oktoba, Masasi, Newala na Tandahimba huwa na habari moja tu, nayo ni mnada. Wakulima hukusanyika kwenye chama chao cha msingi, bei za wanunuzi husomwa, na wenye mali husema kama wanauza au hawauzi. Msimu wa 2024/2025 ulifunguliwa kwa bei iliyovuka shilingi 4,000 kwa kilo, na hadi unafungwa nchi ilikuwa imekusanya zaidi ya tani 500,000 za korosho ghafi, kiasi ambacho hakikuwahi kufikiwa kabla ya hapo. Sisi tulio visiwani tulizipata habari hizo, na wengi tukasema alhamdulillah, ndugu zetu wa kusini wamepata.

Lakini bei ya mnada humfaa yule aliye na korosho siku ya mnada. Kwenye uwanda wa Makonde zipo kaya ambazo siku hiyo huwa zimeshauza zamani. Korosho wanayoiokota Oktoba chini ya miti yao wenyewe imekuwa mali ya mtu mwingine tangu Februari au Machi, na aliyeinunua aliinunua kwa sehemu ndogo ya bei inayosomwa mnadani. Biashara hiyo kule huitwa kangomba.

Huenda msomaji wa Unguja au Pemba akajiuliza yeye anahusika vipi. Anahusika zaidi ya anavyodhani. Miongoni mwa maswali ya biashara yanayotufikia, yamo ya watu waliompa jamaa yao wa bara mtaji "akanunue korosho mapema", wakarejeshewa fedha yenye faida kubwa, kisha moyo ukaanza kuwasuta: faida hii imetoka wapi? Tena wapo kati yetu wengi ambao mababu zao walitoka huko kusini, wakaja visiwani kwa kazi za mashamba, na mpaka leo wana shangazi na wajomba Newala. Na zaidi ya hayo, sisi ni watu wa karafuu. Tunajua maana ya zao moja lenye bei nzuri mara moja kwa mwaka, na njaa katika miezi iliyobaki.

Tuanze na ardhi yenyewe, kwa sababu bila ya kuijua ardhi tutamlaumu mkulima kwa uvivu au kwa ujinga, na hana hata kimoja. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda, mahali ambapo mtu husimama akatazama bonde la mto Ruvuma na upande wa pili Msumbiji. Masasi iko chini, kati ya majabali makubwa. Juu ya uwanda hakuna mto. Mvua ikinyesha mchanga unainywa yote, na maji huwa mbali, chini mabondeni. Tangu miaka ya 1950 kuna mradi wa kuyapandisha maji kwa mashine kutoka bondeni hadi vijijini, lakini haujawahi kumtosha kila mtu, na kiangazi maji hununuliwa kwa ndoo na kwa pipa. Fikiria, ndugu msomaji, kaya inayotakiwa kutoa fedha taslimu hata kwa maji ya kutawadhia.

Ardhi kama hiyo huzaa muhogo, mtama, choroko, njugu na ufuta. Na huzaa mkorosho. Mti huu waliuleta Wareno kutoka Brazili hadi pwani ya Msumbiji katika karne ya 16, na ukaupenda mchanga ambao mazao mengine yaliukataa. Unavumilia ukame, unaishi miaka mingi, na unarithiwa. Mtu akifa Newala huacha nyumba na mikorosho.

Sasa tazama mwaka wa mkulima. Kupalilia na kusafisha chini ya miti ni baada ya mvua. Kuanzia Mei au Juni hadi Septemba ni kupuliza salfa na dawa nyingine dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa unaoyashambulia maua na majani machanga. Asiyepuliza kwa wakati hapati kitu. Korosho huanza kuanguka Septemba na kuendelea, ikaokotwa, ikakatwa kwenye bibo lake, ikaanikwa, ikapelekwa chama cha msingi. (Mabibo yenyewe ni matunda mazuri, lakini mengi huishia kwenye uraka na pombe kali inayokamuliwa humo, na hilo lina mada yake.) Korosho hupimwa, huingizwa ghalani, husubiri mnada, na baada ya mnada mkulima husubiri fedha yake benki. Kwa kawaida ikifika Januari au Februari, kila aliyekuwa na kitu ameshauza.

Kisha? Januari ni shule. Mvua zinanyesha, chakula cha mwaka jana kimekwisha, cha mwaka huu bado kipo shambani. Na katika miaka hii ya karibuni Ramadhani nayo imeangukia hapohapo: ile ya mwaka 1446 Hijria ilianza mwanzoni mwa Machi 2025. Futari inatakiwa, nguo za watoto za Idi zinatakiwa, mgonjwa anatakiwa kufikishwa hospitali ya Ndanda. Hapo ndipo anapobisha hodi mtu mwenye fedha mfukoni na mazungumzo mazuri.

Kangomba, kabla haijawa jina la biashara, ni jina la kipimo, chombo kisicho rasmi cha kupimia korosho. Siku hizi jina limeenea kwa kila ununuzi wa korosho nje ya mfumo wa vyama, na ndani yake mna sura kadhaa tutakazozitenganisha hapo mbele, maana hukumu zake hazifanani. Kwanza hesabu, tena ya mfano tu. Mtu amechukua shilingi 60,000 mwezi Machi kwa ahadi ya kilo 60. Oktoba kilo ni 4,000. Kilo zile 60 zina thamani ya shilingi 240,000. Kwa muda wa miezi saba aliyetoa fedha amepata mara nne ya alichotoa, bila kushika jembe wala bomba la salfa. Hakuna benki nchini inayotoza riba ya namna hiyo. Na mkulima akija kulinganisha hujilaumu, lakini Machi inayofuata hana budi kurudi mlango uleule, kwa sababu Oktoba aliokota deni.

Ugonjwa huu wa kuuza kabla ya kuvuna si wa Wamakonde peke yao wala si wa korosho peke yake. Kagera, kwenye kahawa, una jina lake: butura. Mkulima mdogo wa kahawa huko huiuza kahawa yake ingali ua au ingali mbichi mtini, kwa mtu atakayekuja kuichuma. Serikali imepiga vita butura kwa miaka mingi, kama ilivyopiga vita kangomba, na vyote viwili bado vipo. Hilo peke yake lingetosha kutuambia kwamba amri ya kukataza haijagusa mzizi.

Na visiwani? Wazee wetu wanakumbuka au wamehadithiwa jinsi mashamba ya mikarafuu yalivyoingia rehani. Ilitumika bei ya khiyari: mwenye shamba "analiuza" kwa mkopeshaji kwa sharti la kulinunua tena baada ya muda, naye anabaki shambani akilipa "kodi". Kwa maneno ilikuwa bei na ijara, kwa hesabu ilikuwa mkopo na riba. Madeni yalifika mahali ambapo mwaka 1934 serikali ya Kiingereza ilitoa sheria ya kuzuia ardhi isiendelee kuhamia kwa wakopeshaji. Na hata leo, pamoja na karafuu zote kutakiwa ziuzwe ZSTC kwa bei inayotangazwa, kila msimu wa Pemba husikika maonyo juu ya wanaonunua karafuu mbichi kwa vikombe kutoka kwa watoto na wachumaji. Kikombe cha Pemba na kangomba ya Newala ni ndugu.

Turudi kusini. Mfumo uliopo wa kuuza korosho ulizaliwa kwa nia ya kumkinga mkulima na watu hao hao. Zao lilikuwa limefika tani 145,000 msimu wa 1973/1974. Kisha watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa, wengine mbali na mikorosho yao, ubwiriunga ukaingia, bei ya serikali ikawa haimlipi mtu jasho lake, na katikati ya miaka ya 1980 zao likaanguka hadi chini ya tani 20,000. Viwanda vya kubangulia vilivyojengwa kwa mikopo, vikiwemo vya Masasi na Newala, vikamalizika kujengwa wakati hakuna korosho ya kubangua. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele, karibu na Mtwara, ndio waliorudisha uhai kwa salfa na miche bora. Soko likafunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi, na hapo mkulima mmojammoja akawa anakabiliana na mnunuzi mwenye lori.

Msimu wa 2007/2008 ukaanzishwa Mtwara mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi, unakwenda ghala kuu, anapewa stakabadhi, na korosho zinauzwa kwa mnada kupitia vyama vikuu, ambavyo leo ni MAMCU kwa Masasi na Mtwara na TANECU kwa Tandahimba na Newala. Mfumo huu umepandisha bei, na anayelikataa hilo haitendei haki historia. Lakini mwanzoni ulikuja na jambo ambalo Waislamu wa kule walilinung'unikia na hawakusikilizwa sana: vyama vilikopa benki ili kumlipa mkulima malipo ya kwanza, na riba ya mkopo ule ikawa miongoni mwa makato kwenye kilo yake. Mtu ambaye hajawahi kukanyaga benki akawa analipa riba bila kuulizwa. Malipo ya pili nayo wakati mwingine yalikuja pungufu ya ahadi. Aprili 2013, Liwale mkoani Lindi, hasira hiyo ilizaa vurugu na nyumba zikachomwa moto. Baadaye utaratibu ulibadilishwa, mkulima akawa analipwa mnunuzi akishalipa.

Mwaka 2018 unastahili kukaa nao kidogo. Msimu uliotangulia bei zilipita shilingi 4,000, na kila mtu aliingia na matumaini. Katikati ya mwaka Bunge likabadili sheria ya ushuru wa korosho inayouzwa nje, ambao sehemu kubwa yake ilikuwa ikirudi kwenye zao kununulia pembejeo, ukaenda wote mfuko mkuu wa serikali. Oktoba wanunuzi wakaja na bei za chini ya 3,000, wakulima wakakataa kuuza. Novemba, Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa 3,300, na malori ya jeshi yakaenda kubeba mzigo. Mawaziri wawili walipoteza nafasi zao.

Bei ya 3,300 ilikuwa nzuri. Lakini malipo yalifuatana na uhakiki: wenye mizigo mikubwa waonyeshe mashamba, ili wa kangomba wasilipwe. Kwa nia lilikuwa jambo la haki. Kwa matokeo, foleni ikawa ndefu, na wapo waliosubiri fedha zao hadi mwaka 2019 ulivyosonga. Mkulima halali aliyesubiri malipo Januari, Februari, Machi, alikula nini? Alikopa. Na anayekopesha kijijini ni nani? Ndiyo maana tunasema kwamba kila siku moja ya kuchelewesha fedha ya mkulima ni mtaji kwa kangomba. Kumlipa mfanyakazi ujira wake upesi ni adabu ambayo kila mtoto wa madrasa anaijua, na anayeshika fedha ya mazao ya watu ghalani ameshika amana.

Tangu msimu wa 2021/2022 wakulima wanapata pembejeo za ruzuku, salfa ikiwemo. Hiyo ni nafuu kubwa, kwani wengi waliingia kangomba kutafuta fedha ya salfa. Miti imezaa, na takwimu tulizoanza nazo ni ushahidi. Lakini bei haikai mahali pamoja: msimu wa 2022/2023 kilo ilizungukia 2,000 tu, na korosho yetu nyingi bado inaondoka ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, hivyo wanaoamua bei wako mbali na Newala. Na ruzuku ya salfa hainunui unga wa Machi.

Sasa tuingie kwenye hukumu, kwa kadiri ya elimu yetu na kwa madhehebu ya Shafi'i ambayo ndiyo ya wengi wetu huku na kule.

Sura ya kwanza: mtu anamwambia mwenye shamba, "Chukua laki moja, korosho za mikorosho yako ile kumi msimu huu ni zangu." Miti bado ina maua, au hata maua haina. Hii ni bei batili. Mtume (s.a.w.) amekataza kuuza matunda kabla ya kudhihiri kupevuka kwake, na sababu inaonekana waziwazi kwenye mkorosho: ubwiriunga ukiingia, au mvua ikipiga maua, mmoja wao atakuwa amekula mali ya mwenzake bure. Hairekebishwi kwa kuridhiana. Wanaokodi mikarafuu Pemba kwa namna hii, nao wajue kwamba hukumu ni ileile.

Sura ya pili ndiyo yenye mjadala: "Chukua elfu hamsini, Oktoba utanipa gunia." Hapa lazima tuulize: ni mkopo au ni bei? Kama ni mkopo, yaani mmeelewana kwamba ni deni la fedha litakalolipwa kwa korosho zenye thamani kubwa kuliko deni, basi ziada hiyo iliyoshurutishwa ni riba, hata ikivaa ganda la korosho. Kama ni bei, basi sheria ina mlango wake, nao ni bei ya salam: unalipa leo, unapokea bidhaa baadaye. Watu wa Madina walikuwa wakilipiana tende kwa namna hiyo, na Mtume (s.a.w.) hakuifuta, bali aliiwekea mipaka. Mlango huu uliwekwa kwa ajili ya watu kama hawa hasa, wakulima wanaohitaji fedha kabla ya mavuno. Hivyo anayesema kila ununuzi wa mapema ni haramu amekosea.

Lakini salam ina masharti, na hapo ndipo kangomba inapoangukia. Fedha yote itolewe katika kikao cha mapatano, si nusu leo na nusu "nikirudi kutoka Mtwara". Sifa za korosho zitajwe, daraja la kwanza au la pili, kavu kiasi gani. Tarehe na mahali pa kupokea vijulikane. Korosho iwe katika dhima ya muuzaji, si ya mti fulani wala shamba fulani, ili shamba lake likikosa aweze kuleta korosho nyingine ya sifa hiyo. Na uzito ujulikane kwa mizani wanayoijua watu wote. Wanazuoni wetu wametaja kwa jina kabisa kwamba kupima salam kwa chombo maalumu kisichojulikana ujazo wake kunabatilisha mapatano, kwa sababu chombo chaweza kupotea au kuvunjika. Kangomba ni chombo cha namna hiyo. Biashara imebatilika kwa jina lake mwenyewe!

Kuna jambo jingine linalosahauliwa. Katika salam, muuzaji akishindwa kuleta bidhaa siku yake, mnunuzi ana njia mbili tu: asubiri, au avunje mapatano na arejeshewe mtaji wake kama ulivyokuwa. Hana haki ya kusema, "Msimu huu umeshindwa gunia moja, mwakani lete mawili." Hayo ni maneno ya riba ya kijahiliya, yenyewe kabisa.

Na bei je? Mtu akitimiza masharti yote lakini akanunua kwa shilingi 1,000 kitu anachojua kitafika 4,000? Kwa asili salam huwa na punguzo, na sheria haikuweka kima. Bei inasihi. Lakini wanazuoni wamechukizwa na kumnunulia mtu aliyebanwa na dhiki kwa bei ya kumkandamiza, na wamesema la wajibu kwa Waislamu ni kumkopesha au kumsaidia, si kuivizia shida yake. Kwa hiyo anayetuuliza "ni halali?" tutamjibu hivyo. Anayetuuliza "niifanye?" tutamjibu asiifanye.

Sura ya tatu ni ya wakati wa mavuno: wachuuzi wanaopita nyumbani na fedha taslimu kabla chama hakijaanza kupokea mzigo, wakinunua kidogokidogo. Kununua korosho iliyopo mbele ya macho kwa mizani ya kweli ni bei kama bei nyingine katika asili yake. Ila wengi hutumia vipimo vya hila, na upunjaji wa vipimo umeteremshiwa sura nzima ndani ya Qur'ani. Na zaidi ya hapo, kanuni za zao hili zinataka korosho iuzwe kupitia vyama na mnada. Kiongozi akiweka utaratibu kwa maslahi ya watu katika jambo la mubaha, kumtii ni wajibu, na anayeuvunja kwa siri hujiingiza pia kwenye hongo na uongo ili apitishe mzigo wake kwa jina la mkulima mwenye shamba. Hili linaigusa pia sura ya pili: hata salam iliyotimia masharti, ukitaka kuupokea mzigo wenyewe nje ya mfumo, utaanguka kwenye mkono wa sheria.

Suala la zaka huulizwa pia, tulipitie kwa ufupi. Kwetu Mashafi'i zaka ya mazao iko kwenye vyakula vya kujikimu vinavyowekwa akiba, pamoja na tende na zabibu. Korosho, kama karafuu, haimo, ingawa Mahanafi wanaiona imo. Mkulima atatoa zaka kwenye fedha yake ikifika nisabu na ikakaa mwaka. Mfanyabiashara wa korosho yeye ana zaka ya biashara kwenye mzigo wake wote, na wengi wao hili wanalisahau kabisa.

Basi njia ipo wapi? Mkulima wa ekari mbili Newala si mteja rahisi kwa benki yoyote, hata zile zinazofuata sharia, kama Amana Bank iliyoanza 2011 au PBZ na huduma yake ya Ikhlas. Vikoba vimesaidia akina mama wengi, lakini vingi hukopeshana kwa nyongeza, na nyongeza ile ni riba ingawa inagawanywa kati yao mwishoni mwa mwaka. Vinaweza kubaki bila nyongeza hiyo, kwa michango ya kawaida na zamu.

Kinachowezekana, tena kwa kiasi kidogo cha fedha, ni karadha njema ya miezi minane. Laki moja mwezi Machi, laki moja mwezi Novemba fedha ya mnada ikishaingia. Familia moja ya Unguja inayotoa mtaji wa kangomba ina uwezo wa kutoa karadha hiyo kwa shangazi zao wawili watatu. Misikiti ya kule inaweza kuwa na mfuko wake, wenye daftari na mashahidi, kwa kuwa mkopo usioandikwa huzaa ugomvi. Tunajua swali litakalofuata: je, shilingi haishuki thamani kwa miezi minane? Hushuka kidogo, na hilo ndilo linaloifanya karadha kuwa ibada.

Wenye madeni ni katika aina nane za wanaostahiki zaka, na mkulima aliyefungwa na deni la kangomba alilolichukua kwa chakula cha watoto anaingia humo. Ila katika madhehebu yetu kauli yenye nguvu ni kwamba zaka igawanywe mahali ilipo mali, na visiwani tuna wenye haki wetu. Kwa hiyo tusiwaambie watu wahamishie zaka zao Newala. Anayetaka kufanya hivyo kwa jamaa yake aliyefilisika aulize kwanza kwa shekhe wake au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Sadaka haina mpaka huo, wala karadha.

Wakubwa nao wana sehemu yao. Fedha ya mkulima itoke ghalani kwa wakati. Sehemu ya malipo ingeweza kushikwa kwa ridhaa ya mkulima mwenyewe na kutolewa Februari na Machi, badala ya yote kumfikia Novemba kwa mkupuo wakati wa harusi, jando, unyago na pikipiki mpya. Vyama vya msingi vina orodha ya wanachama na rekodi za mizigo ya kila mmoja. Hakuna anayejua vizuri zaidi nani anaweza kulipa karadha ya kiasi gani.

Tumalizie na wale waliotuuliza, ambao fedha zao zimeshaingia. Aliyenunua matunda ya miti kabla ya kupevuka, mapatano hayo hayapo kisheria. Ana haki ya kurejeshewa mtaji wake, wala hana haki ya korosho. Aliyekwisha pokea korosho na kuziuza, ahesabu alichotoa na thamani ya alichopokea siku ile, na tofauti airejeshe kwa mwenye shamba kama anajulikana, au kwa warithi wake akiwa amefariki. Aliyetoa kupitia jamaa na hajui korosho zilitoka kwa nani, amuulize jamaa yake; mara nyingi yapo majina kwenye kijidaftari. Na ambaye fedha yake ya Machi hii bado iko mikononi mwa mkulima anayesubiri korosho zianguke, muda anao: apige simu leo, amwambie kwamba deni limebaki shilingi zilezile alizochukua, na korosho zake azipeleke chama cha msingi kwa jina lake mwenyewe.

Wallahu a'alam.